Jumamosi Zisizo na Mfadhili

Ukiwatazama watoto wetu jukwaani unaona dakika arobaini. Unaona kanga, bakora ya mzee, ndevu za pamba, na mtoto wa miaka kumi na mmoja anayemfokea mwenzake hadi ukumbi mzima unaangua kicheko. Unapiga makofi, unapiga picha, unasema watoto hawa wana vipaji. Kazi yangu mimi ni yale yaliyotangulia. Nafundisha maigizo katika kikundi cha watoto kisichotafuta faida hapa Dar es Salaam, upande wa Temeke. Nataka kueleza kazi hii inavyofanyika na pale inapokwama, maana ukiwa kwenye kiti cha mtazamaji huwezi kupaona.

Kipaji kipo, sikatai. Lakini mtoto mwenye kipaji anapokuja mara ya kwanza hutazama sakafu, hukimbiza maneno, na akishamaliza mstari wake hutoka kwenye igizo akiwa bado amesimama pale pale. Macho yanaanza kumtafuta mama yake kwenye viti, mkono unakuna mguu. Kukariri hakumsumbui. Watoto wetu wamezoea kukariri tangu chekechea. Mpe kurasa mbili leo, Jumamosi ijayo anazo zote kichwani. Kinachomshinda ni kumsikiliza mwenzake. Anangoja neno la mwisho la mwenzake kama mtu aliye kwenye foleni ya maji, na likitoka tu anatoa lake, hata kama mwenzake amekosea, amelia kweli, au ameanguka.

Basi tunaanza na mazoezi ambayo mgeni akiyaona hudhani tunapoteza muda. Wawili wanasimama uso kwa uso, mmoja anakuwa kioo cha mwenzake, polepole, bila kuongea. Wanapitishiana kofi kuzunguka duara: unalipokea kwa macho kwanza, ndipo unalipiga na kumpelekea mwingine. Wanagombana kwa kuhesabu tu, moja mpaka kumi, bila maneno ya igizo, ili tuone kama ugomvi unaeleweka. Wanajifunza kuvuta pumzi hadi tumboni, sauti ifike safu ya nyuma bila mtu kupiga kelele. Mtoto anayehudhuria kila wiki huchukua kama mwaka mzima kabla hajaweza kusimama jukwaani bila mstari wowote na bado akaonekana yumo ndani ya igizo. Mimi hupimia hapo. Anayesema, kila mtu anamtazama. Mimi namtazama aliyenyamaza.

Kuhudhuria kila wiki sasa, hapo ndipo penye kazi.

Nauli ya mwanafunzi kwenye daladala ni shilingi 200, lakini Jumamosi konda hamtambui mwanafunzi asiyevaa sare. Kwa hiyo watoto wetu huja mazoezini na sare za shule, nguo za mazoezi zikiwa kwenye begi la madaftari. Hata na sare wengine huachwa kituoni, kwa sababu nafasi anayosimama mtoto wa shilingi 200 angeweza kusimama mtu mzima wa nauli kamili. Mtoto wa Chamazi akipitwa na magari matatu anafika wenzake wameshapasha mwili moto. Anaingia amenuna, anaona aibu, na siku hiyo hafundishiki. Ndiyo maana tukiweza tunawalipia nauli kamili, na nauli hiyo kwa kila mtoto, kwenda na kurudi, ndiyo gharama yetu kubwa kuliko zote. Ni kubwa kuliko maleba, na ni kubwa kuliko posho yangu.

Zoezi la pumzi huwezi kulifanya na mtoto ambaye hajala. Binti anakaa chini ghafla, midomo imekauka, ukimuuliza anasema amekula, kwa sababu nyumbani ameambiwa asiseme. Hivyo ratiba yetu inafunguliwa na sufuria ya uji, kila mtu anakunywa, hakuna anayeulizwa kitu. Kwenye andiko la mradi uji huo unaandikwa “viburudisho”, na bajeti ikipunguzwa ndio mstari wa kwanza kufutwa.

Ukumbi nao tunapewa kwa hisani. Siku pakitokea mteja wa kulipa, sendofu au kitchen party, tunahamia kwenye darasa la shule ya msingi jirani, tunasogeza madawati, na mvua ikipiga bati hakuna anayemsikia mwenzake. Nimezoea. Watoto hawazoei hivyo: kila wakihama, nusu saa ya kwanza inaishia kwenye kuzoea mwangwi wa chumba.

Mahitaji ya karatasi nayataja kwa haraka tu. Kuna usajili, taarifa ya mwaka ya shirika, ada ya mwaka, hesabu zilizokaguliwa na mkaguzi ambaye naye analipwa, fomu za ridhaa za wazazi, barua kwa afisa utamaduni, barua kwa mtendaji wa kata. Vinafanyika. Vinakula siku, lakini sijaona mtoto aliyepotea kwa sababu ya barua.

Watoto wanapotea kwingine, na pa kwanza ni tarehe 16 Juni.

Siku ya Mtoto wa Afrika huadhimishwa tangu 1991 kuwakumbuka wanafunzi waliouawa Soweto mwaka 1976. Kuanzia Mei simu yangu haitulii. Kila taasisi inataka igizo, ujumbe umeshachaguliwa, na muda uliobaki ni wiki tatu. Tunaacha mazoezi yetu, tunatengeneza igizo. Siku yenyewe watoto wako uwanjani tangu saa mbili asubuhi, juani, maana turubai ni la meza kuu. Mgeni rasmi anafika karibu na saa sita. Tulikubaliana dakika ishirini. Mshehereshaji ananijia na kuninong'oneza kwamba ni tano, muda umetubana. Kipaza sauti ni kimoja.

Hicho kipaza sauti kimoja ndicho napenda watu wakielewe. Mtoto anayeigiza mama anayepinga binti yake kuozeshwa anapaswa kumtazama mumewe machoni. Sasa anakitazama kipaza sauti. Anasema lake, anamkabidhi mume, mume anasema lake, anakirudisha. Kwa kuwa waheshimiwa wako mbele, wote wanageuka mbele, na mume na mke wanagombana huku wamepangana kama paredi, hakuna anayemtazama mwenzake. Kila nilichofundisha mwaka mzima kinafutika, na wanapigiwa makofi mengi kuliko siku walipoigiza vizuri. Watoto si wajinga, wanajua wamepigiwa makofi kwa lipi. Jumamosi inayofuata nawakuta wamejipanga mstari mmoja, wanasema mistari yao wakiutazama ukuta.

Kuna siku nyingine, 20 Machi, siku ya dunia ya maigizo ya watoto na vijana. Imewekwa na ASSITEJ, jumuiya ya kimataifa ya maigizo hayo iliyoundwa mwaka 1965. Siku hiyo hakuna anayenipigia.

Wafadhili si watu wabaya, na ninaowafahamu wengi wao wanawapenda watoto. Tatizo liko kwenye safu moja ya jedwali la ripoti, ile ya wanufaika. Tukienda kuigiza kwenye uwanja wa shule mbele ya wanafunzi mia nane, naandika mia nane. Tukikaa Jumamosi zote za muhula na watoto ishirini na tano, naandika ishirini na tano. Afisa mradi anazitazama namba hizo, naye ana bosi wake, na mwaka unaofuata fedha zinakuja za maonyesho kumi na hakuna ya mazoezi. Nimewahi kuandika maelezo marefu kuonyesha kwamba wale mia nane hawawezi kuona kitu chochote cha maana bila hawa ishirini na tano kuandaliwa. Nikajibiwa kwa heshima kwamba maelezo yamepokelewa, na kwamba kwenye bajeti hakuna kifungu chake.

Tabia hii ya kumsimamisha mtoto mbele ya wakubwa atoe ujumbe haikuletwa na wafadhili. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, mshairi Mathias Mnyampala aliipa ngonjera umbo lake la kueneza siasa ya Ujamaa, na shule zetu zikaishika: watoto wanajibizana kwa beti, mgeni anatikisa kichwa, risala inafuata. Ngonjera ni sanaa yenye heshima yake, na mtoto anayeighani vizuri amefanya kazi kubwa. Ninachopinga ni kulichukua igizo na kuligeuza ngonjera kwa sababu ndilo umbo ambalo meza kuu imelizoea. Tulishakuwa na njia tofauti hapa hapa nyumbani. Mradi wa Tuseme, ulioanzia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, uliwapa wasichana wa sekondari nafasi ya kuyachunguza wenyewe matatizo yao shuleni, kuyaigiza, kisha kujadiliana na walimu nini kibadilike. Ujumbe ulitoka kwao. Kazi ya namna hiyo inahitaji muda, na mtoto aliyezoeshwa kusikiliza na kusikilizwa.

Kuna jambo jingine lisiloonekana, na hili ndilo linaloniamsha usiku.

Maigizo tunayoagizwa mengi yanahusu ukatili. Mtoto mmoja anakuwa baba mlevi, mwingine anapigwa. Hadhira yetu hucheka mtu anapopigwa jukwaani; nimekuja kuamini kwamba wengi wanacheka kwa sababu wanakijua kinachoonyeshwa. Mvulana mmoja wa darasa la sita alipewa nafasi ya yule baba. Hakuna aliyemfundisha kuufungua mkanda wa suruali kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukifunga mlango. Alifanya hivyo, na watu walicheka hadi wengine wakasimama. Aliporudi nyuma ya pazia hakuwa akiongea, na alikuwa bado ameushika ule mkanda.

Kwa hiyo tuna utaratibu wa kumvua mtoto mhusika wake. Anavua shati la igizo mwenyewe, analikunja, ananikabidhi. Anataja jina lake, shule yake, alichokula asubuhi. Anaruka, anatikisa mikono. Anaketi na mkubwa mmoja anayemwamini. Baada ya hapo, kama kuna kitu amekionyesha au amekisema, kazi nyingine inaanza: serikali ya mtaa, afisa ustawi wa jamii, pengine dawati la jinsia na watoto polisi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aipeleke kwenye mamlaka ya serikali za mitaa. Sasa jaribu kuyafanya haya ilhali basi la kukodi linapiga honi, mwenye tukio anataka watoto wapige picha na bango la wadhamini, na mama wa mtoto mwingine amekuja kuidai kanga yake aliyoazima asubuhi. Anayetaka igizo la ukatili dhidi ya watoto alipie na saa mbili baada ya igizo. Hili silijadili tena na mtu. Asipolipia, igizo hilo hatulifanyi, na tumeshakataa fedha kwa sababu hiyo wakati akaunti yetu ikiwa tupu.

Kisha kuna umri. Mtoto anaanza kuiva akiwa na miaka kumi na miwili, kumi na mitatu, na huo ndio umri wa mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Tuisheni inakuwa Jumamosi. Mzazi anakuja mwenyewe, kwa adabu, “Mwalimu, naomba mwanangu apumzike kidogo.” Namwelewa, mtihani ule unampangia mtoto maisha. Wakishamaliza, wengine wanakwenda shule za bweni mikoani. Wasichana ndio wanaoondoka zaidi, na hawarudi. Akishaanza kukua, baba au mjomba anauliza anafanya nini huko mpaka jioni na wavulana. Nimekwenda kwenye nyumba nyingi kuzungumza na wazazi. Mahali pengine nimekaribishwa chai na nikaondoka na ruhusa. Pengine nimekaribishwa chai tu. Binti aliyekuwa bora kuliko wote niliowahi kuwafundisha, aliyeweza kunyamaza jukwaani hadi ukumbi ukasahau kukohoa, aliacha akiwa na miaka kumi na mitatu. Igizo tulilokuwa tunaliandaa alikuwa nalo lote kichwani.

Na watengenezaji wa tamthilia za televisheni wanatufahamu. Wanakuja, wanachagua mtoto anayejua kulia, wanamchukua kwa siku chache. Anarudi na simu mpya, na anaona mazoezi ya kioo ni ya kitoto.

Ukiwa na fedha au kampuni, na ungependa kuwasaidia watoto wanaoigiza, usitushonee tisheti zenye nembo. Tafuta kikundi kilicho karibu nawe, uulize Jumamosi za muhula mmoja zinagharimu kiasi gani: nauli, uji, ukumbi, walimu wawili. Lipia hizo, na usidai onyesho mwishoni. Kama huna fedha ila una ukumbi, tupe ratiba isiyobadilika. Kama wewe ni mwandaaji wa sherehe, tafuta vipaza sauti vinne, au tupe darasa lenye watu hamsini badala ya uwanja.

Vijana wawili waliopita kwetu wakiwa wadogo wamemaliza kidato cha nne na wanangoja matokeo. Jumamosi huja kunisaidia na kundi la wanaoanza, na mmoja ana jicho zuri kuliko langu la kumwona mtoto ambaye hasikilizi. Siwalipi zaidi ya nauli. Huyo mwenye jicho amepata kazi kwenye duka la vifaa vya simu Kariakoo, Jumamosi ndiyo siku ya mauzo, na ameniambia mwisho wa mwezi ataacha kuja.