Mabano katika Injili ya Marko

Karibu na Adwa, kaskazini mwa Ethiopia, watawa wa Abba Garima wametunza vitabu vya Injili vilivyoandikwa kwa Kige'ez juu ya ngozi za wanyama. Husimulia kwamba Garima mwenyewe alivinakili kwa siku moja, Mungu akalizuia jua lisizame mpaka amalize. Wataalamu wengi walidhani ni vya karne ya 11 hivi, hadi vipande vidogo vya ngozi vilipopimwa kwa kaboni huko Oxford vikaonekana ni vya kati ya karne ya 4 na ya 7. Habari hiyo ilinifurahisha mno, nikaipokea bila swali.

Furaha ile imeanza kunisumbua tangu kijana mmoja wa jumuiya yetu hapa Geita, anayefanya kazi kwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu, aniulize, "Mwalimu, mbona Marko 16, kuanzia aya ya 9, imewekewa mabano?" Nilimweleza kwamba nakala mbili za kale za Biblia, Kodeksi ya Sinai na ile ya Vatikani, zote za karne ya 4, zinaishia aya ya 8, pale wanawake wanapokimbia kutoka kaburini, hofu imewafunga midomo. Nikaongeza kwamba Irenaeus, aliyeandika yapata mwaka 180, tayari aliijua aya ya 19. Nikajisikia moyoni nikitamani ushahidi huu wa pili uwe mzito kuliko ule wa kwanza.

Yeye hakutikisika. Alisema dhahabu ikipimwa sokoni ikakutwa na fedha ndani yake, hakuna anayekwambia umeleta jiwe. Nimeutafakari sana mfano huo, ingawa haunifikishi mwisho, maana kitabu hakiyeyushwi. Huenda walioandika aya zile walihifadhi ushuhuda waliopokea kwa wazee wao. Huenda hawakuuvumilia ukimya wa aya ya 8. Bado nayageuza yote mawili. Ila nikikipokea kipimo kinapowapa watawa wa Garima heshima yao, nitakikataaje kinapogusa aya ninayoipenda?

Na mabano yale hayakuwekwa na maadui wa Biblia. Yaliwekwa na waliohangaika kuifikisha kwetu, wakaona heri tujue. Basi, ndugu msomaji, ukiyakuta usiyaruke, wala usimkemee mtoto anayeuliza habari zake.