Dirisha la Jirani

Mpendwa mtahiniwa, huenda unausoma ukurasa huu huku jasho likidondokea daftari lako. Nakuelewa. Nami nilijiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne jijini Dar es Salaam, na ninataka kukusimulia kosa langu ili usilirudie.

Nyumba yetu ilikuwa ya bati tupu, haina dari. Ikifika saa nane mchana, ndani hakukaliki. Mwezi wa Agosti, mjomba wangu aliyeishi Tabata alinichukua, akanipa chumba chenye kiyoyozi. Nilifurahi mno. Kila nilipotoka shule nilifunga mlango na madirisha, nikasoma nimejifunika shuka. Umeme ukikatika, nilifunga kitabu nikasubiri urudi.

Mwanzoni mwa Oktoba tulifanya jaribio la Hisabati, mchana, katika ukumbi wenye feni mbili, moja mbovu. Kichwa kiliniuma, jasho likalowesha karatasi, nikaacha maswali manne niliyoyajua.

Jioni nilikwenda kwa jirani, binti tuliyesoma naye darasa moja, kuazima daftari la masahihisho. Yeye alikuwa amefaulu. Dirisha lake lilitazamana na chumba changu, katikati kukiwa na uchochoro mwembamba. Nilikuta amelifunga, na chumbani hapumuliki. Nilipomuuliza sababu, alijibu bila hasira, "Mashine yenu inapuliza moto humu. Mkiizima, ndipo nafungua."

Nilikosa la kusema. Fizikia niliyokuwa nikiikariri ilinijia yote kwa mara moja. Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Gesi inayozunguka katika mabomba yake hufyonza joto la ndani na kwenda kulitoa nje. Joto haliishi, linahama tu. Kwa miezi miwili joto langu lilikuwa likihamia kwa mwenzangu. Wahenga walisema kweli: mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Nilimweleza mjomba. Alikuna kichwa, akasema kumwita fundi aihamishe mashine ni gharama, tusubiri mwisho wa mwezi. Hadi hapo, tukakubaliana kutoiwasha mchana.

Nikaanza kusoma kama jirani yangu. Niliamka saa kumi alfajiri, hewa ikiwa bado na ubaridi, nikashughulikia mada ngumu. Mchana tulitandika jamvi chini ya mwarobaini, tukaulizana maswali. Ndani nilifungua madirisha yanayotazamana ili upepo upite, na nilikunywa maji kidogo kidogo bila kungoja kiu. Siku za kwanza nilisinzia. Baada ya wiki mbili mwili ukazoea. Novemba ilipofika, ukumbi ulikuwa na joto lilelile, lakini nilijibu maswali yote.

Sikwambii kwamba kiyoyozi ni kibaya. Wagonjwa, wazee na watoto wachanga wanaweza kukihitaji sana, hasa sasa ambapo dunia inazidi kupata joto. Lakini kumbuka kuwa mwaka 1902, Mmarekani Willis Carrier alibuni mtambo wake kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji, ambako unyevu wa hewa uliharibu kazi ya karatasi. Starehe ya watu ilikuja baadaye. Wazee wetu wa pwani walikuwa na kuta nene za mawe, paa za makuti na baraza zenye kivuli.

Fikiria pia gharama. Feni ya darini hutumia takribani wati 75, ilhali kiyoyozi kidogo cha chumba hufika takribani wati 1,000. Baadhi ya gesi zake zikivuja huongeza joto la dunia, ndiyo maana mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, yakakubaliana kuzipunguza.

Basi, ndugu yangu, kama nyumbani kwenu kipo, kitumie kwa kiasi, na utoke nje uone kinampulizia nani. Kama hakipo, usijione umeachwa nyuma. Jirani yangu hakuwa nacho, na ndiye aliyenifundisha kusoma.

Nakutakia mtihani mwema.