Mizani ya Asali

Kwa zaidi ya miaka thelathini nilisimama mbele ya wanafunzi wa sekondari nikiwafundisha kuhesabu mizani. Niligonga meza ili wasikie silabi nane za ukwapi na nane za utao, na aliyeniletea mshororo wenye silabi kumi na tano nilimrudishia daftari lake. Sikudhani kwamba nikiwa mstaafu, hapa Makole, mizani ingenishinda katika jambo dogo kama chupa ya asali.

Miaka mitatu iliyopita, mwanangu wa mwisho alirudi nyumbani na mtoto wake mgongoni baada ya kazi yake ya Dar es Salaam kumalizika. Nilitoa sehemu ya kiinua mgongo changu, tukaanza kuuza asali mtandaoni. Duka letu halina mlango wala kibao. Lina picha kwenye Instagram, namba ya WhatsApp, na chumba cha uani chenye madumu. Asali yenyewe hutoka Manyoni, mkoani Singida, ambako watu wamekuwa wakirina tangu zamani. Mteja hulipa kwa simu, bodaboda hupeleka mzigo stendi, basi huubeba kilomita zipatazo 450 hadi Dar es Salaam, nasi humtumia mteja picha ya risiti na namba ya basi.

Hesabu yetu ilikuwa hii. Lita moja tuliinunua kwa shilingi 9,000. Chupa na karatasi ya jina zilikula 800, usafiri 1,500, makato ya miamala 200. Jumla 11,500. Tuliuza kwa 15,000, faida 3,500. Si utajiri, lakini mjukuu alikunywa maziwa na mama yake hakuniomba nauli.

Kisha akatokea mshindani. Simjui kwa sura. Picha zake zilikuwa nzuri kuliko zetu, na chini ya kila picha aliandika: asali safi, kilo 1, shilingi 12,000. Wateja walianza kututumia picha hizo bila neno lolote, na sisi tulielewa swali. Sokoni Majengo, mnunuzi akitaka kulinganisha bei hana budi atembee kutoka meza hadi meza, na njiani huenda akachoka au akaona haya. Kwenye simu halinganishi kwa miguu. Hulinganisha kwa kidole, akiwa kitandani.

Tukashusha bei hadi 12,000. Faida ikabaki shilingi 500 kwa chupa. Mwezi wa pili kifuniko kimoja kililegea ndani ya buti la basi, asali yote ikamwagika, tukamfidia mteja kwa chupa nyingine. Mwanangu alikaa kimya na kalamu mkononi, kisha akasema, “Baba, hiyo moja imekula faida ya chupa ishirini na tatu.” Nilimsikia usiku akihesabu tena, kana kwamba jibu lingeweza kubadilika.

Aliyetufumbua macho ni mama mmoja wa Mbagala, mteja wetu wa siku nyingi, aliyekuwa ametuhama kabla hatujashusha bei. Aliandika: “Shikamoo Mwalimu. Nimerudi. Ya kule ni nafuu, lakini yenu ilikuwa inanifikisha mwezi, ile imeisha wiki ya tatu, na watoto ni wale wale.”

Niliusoma ujumbe ule mara mbili. Kisha nikachukua chupa yetu ya lita moja nikaenda nayo kwa jirani mwenye duka, nikaiweka kwenye mizani yake. Tulipotoa uzito wa chupa, ilibaki takribani kilo moja na gramu mia nne. Asali ni nzito kuliko maji. Kilo moja ya asali haifiki hata robo tatu ya lita. Kwa hiyo yule wa shilingi 12,000 kwa kilo alikuwa akiuza lita kwa takribani 16,800. Kwa miezi miwili tulikuwa tumejikata nyama ili kumfikia mtu aliyekuwa ghali kuliko sisi.

Wala hakusema uongo. Aliandika kilo moja akatoa kilo moja. Sisi tuliandika lita moja tukatoa lita moja. Msomaji aliona “moja” pande zote mbili, akatazama bei. Mimi, mwalimu wa lugha, nami niliona “moja” nikatazama bei. Uzito na ujazo ni maneno mawili tofauti. Nilikuwa nayo yote kichwani, na sikuyatumia.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Methali hiyo ilizaliwa mahali ambapo macho yanaona. Sokoni, fungu la nyanya liko mbele yako, na sado, lile kopo la rangi la lita nne, hata asiyejua kusoma hulijua kimo chake. Lakini picha ya simu haina kimo: chupa ndogo na kubwa hutoshea katika kioo kilekile. Kinachobaki kumwonyesha mnunuzi ni maneno yetu.

Mwanangu alikuwa na wazo lake. “Na sisi tuuze kilo, Baba. Hakuna uongo hapo.” Nilikasirika, nikaanza kumhutubia kama darasa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba wapo watu wasio na 15,000 mkononi, na chupa ndogo si dhambi. Alikuwa na haki. Dhambi ilikuwa katika kuacha neno moja lifanye kazi ya mawili.

Sasa tunauza zote mbili. Kwenye picha, chupa inakaa juu ya mizani, na chini yake tumeandika: “Lita 1, sawa na takribani kilo 1.4, shilingi 15,000. Kilo 1, sawa na takribani mililita 700, shilingi 11,500. Asali hii huganda wakati wa baridi. Ikiganda haijaharibika, iweke chupa katika maji ya vuguvugu.” Sentensi hizo za mwisho tuliziongeza baada ya Juni moja ambapo wateja wawili walidai tumechanganya na sukari.

Hatukuwa matajiri. Wapo wanaoona maelezo marefu wakapita. Lakini wanaobaki hawatutumii tena picha za watu wengine, na faida imerudi mahali ambapo chupa moja ikimwagika hatulii.

Jioni mwanangu hupima, mimi huandika. Akinitajia gramu pungufu, namrudishia chupa kama nilivyorudisha madaftari. Hucheka, akaongeza kijiko kimoja, kisha husema, “Haya Mwalimu, mizani imetimia.”