Sekunde Moja ya Klachi

Watu wengi wanaokuja kutazama mbio za mita 402 hukaa mwisho. Wanajipanga karibu na mstari wa kumalizia, simu juu, wakingoja gari lipite likiunguruma. Mimi ningekushauri usimame mwanzo. Mita 18 za kwanza zinasema karibu kila kitu, na kwa gari la manual lenye tabo, mita hizo ziko chini ya mguu wa kushoto.

Najua unachofikiria. Si ni kukanyaga mafuta tu, gari iende?

Tabo ni feni mbili kwenye fimbo moja. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni ya kwanza. Ya pili inavuta hewa safi na kuisukuma ndani ya injini kwa nguvu. Hewa ikiwa nyingi, petroli nyingi zaidi itachomeka, na injini ndogo ya lita mbili itavuta kama kubwa. Ikichanganya, fimbo hiyo inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika. Lakini haiamki bure. Gari likiwa limesimama na klachi imekanyagwa, unaweza kupandisha injini hadi mizunguko elfu tano na mshale wa presha ya tabo usisonge. Injini inapiga kelele lakini haibebi kitu, kwa hivyo moshi wake hauna nguvu. Tabo inataka mzigo kwanza, ndipo ikupe kitu.

Hapa Nairobi hali ni ngumu zaidi. Tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni pungufu ya ile ya Mombasa kwa takriban moja ya tano. Tabo ikishaamka inaficha upungufu huo. Kabla haijaamka, gari ni zembe, na utalitambua uzembe wake pale taa zinapowaka.

Gari ninalosema ni Impreza WRX ya kaka yangu. Watu wa rika lake wamelelewa na hadithi za Colin McRae, aliyeshinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza, na kaka alilinunua lake likiwa limegongwa, halina taa wala bampa. Ana gereji ndogo, kazi yake ni klachi na sanduku za gia. Gari hilo alilijenga miaka mitatu, usiku, baada ya wateja kwenda. Hana bango. Gari lenyewe ndilo bango. Likikimbia vizuri Jumapili, Jumatatu kuna mtu atapiga simu. Likivunjika mbele ya watu, nalo pia litasemwa.

Wiki tatu kabla ya mbio, jeki iliteleza na goti lake la kushoto likaumia. Daktari alimfunga mguu kuanzia pajani hadi kwenye kifundo. Ada ya kushiriki ilikuwa imeshalipwa.

"Siste," aliniambia, "utaendesha wewe."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Mimi naandika kwa vibarua, chochote mtu atakacholipia: maelezo ya nyumba za kupanga, hotuba za harusi, matangazo ya magari ya kuuza. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokosekana. Tangu hapo, kila nikienda nyumbani, kuna shangazi wa kuniuliza nitarudi lini, kwa sauti ile ya kumuuliza mgonjwa anaendeleaje. Kwa hesabu yao nimesimama. Kaka hajawahi kuniuliza. Aliniuliza tu kama bado nakumbuka kubalansi.

Nilikumbuka. Baba alikuwa dereva wa matatu, Nissan ya abiria 14, na alinifundisha kwenye mlima wa kwetu Murang'a, makanga wake akishika jiwe nyuma ya gurudumu. Alinikataza hendibreki. "Tafuta pale klachi inaposhika," alisema, "halafu ukae hapo." Nikikaa hapo, gari halikurudi nyuma wala halikwenda mbele. Injini ilishusha sauti, kioo kikatetemeka, na makanga akajua anaweza kuondoa jiwe.

Kaka alinieleza kuwa mbio ni kitu kilekile, ila kwa haraka na kwa gharama kubwa. Gari linalosukumwa na magurudumu mawili, ukiachilia klachi ghafla, matairi yanazunguka bure na moshi unapanda. Unapoteza muda, lakini nguvu imepata pa kutokea. Hili letu linasukumwa na magurudumu yote manne. Matairi yanashika lami na kukataa kuachia, na ile nguvu inatafuta kitu kingine cha kuvunja. Mara nyingi ni meno ya gia.

Kwa hivyo kuna njia tatu za kuharibu. Ukitupa klachi, unaweza kuacha gia barabarani. Ukiiachilia mizunguko ikiwa chini, injini inazama, tabo inalala, na gari linajikokota kama limebeba mawe. Ukiogopa ukakaa sana katikati, klachi inaungua, na ile harufu utaisikia hadi kwenye nguo. Njia nzuri ni nyembamba: shikilia injini kwenye elfu nne na mia tano, leta klachi haraka hadi inaposhika, halafu kaa hapo kama sekunde moja, ukiongeza mafuta huku klachi ikiteleza. Kuteleza huko ndiko mzigo. Injini inaanza kubeba gari, moshi unapata nguvu, tabo inaamka. Hapo unaachilia mguu wote.

Yako magari ambayo kompyuta inasaidia, inazuia mizunguko isipite kiwango fulani na kuiamsha tabo kabla ya kuondoka. Letu halina. "Kompyuta ni wewe," kaka alisema. Tulifanya mazoezi mara sita tu, kwa sababu kila zoezi linakula klachi, na klachi mpya ya gari lile ni zaidi ya kodi yangu ya nyumba.

Jumapili ilipofika, barabara ilikuwa imefungwa, ambulensi iko, kofia za usalama zinakaguliwa. Kijana mmoja kwenye foleni aliinama dirishani. "Madam, mwenye gari yuko wapi?" Nikamwonyesha kaka kwa kidole, amekaa kwenye kiti cha plastiki, mguu juu ya kreti ya soda.

Jambo moja lilinituliza. Saa ya gari lako haianzi taa ya kijani inapowaka. Inaanza gurudumu lako linapoondoka kwenye mwale wa mstari. Ukichelewa, mpinzani anaweza kukushinda, lakini muda wa gari unabaki wa kweli, na sisi tulikuja kutafuta muda.

Mbio ya kwanza nilikaa katikati zaidi ya sekunde moja. Sekunde 15.1. Harufu ikaingia ndani. Kaka hakusema lolote, alinusa tu na kuinua vidole viwili: mbio mbili zimebaki, na klachi inatosha mbili.

Mbio ya pili, mguu ulishika mahali pake. Nilihisi gari likiinua pua, mngurumo ukashuka kidogo kama wa Nissan ya baba mlimani, halafu mluzi wa tabo ukaanza mbali na kuja karibu. Mtu aliyesimama pembeni angedhani kwa sekunde ile hakuna kinachotendeka. Magurudumu yamesogea hatua moja. Lakini ndani kila kitu kilikuwa kazini, kikibeba, kikijaa. Nikaachilia. Gia ya pili, ya tatu, na ubao ukaonyesha 14.4.

Sikushinda. Gari la jirani yangu lilifika mbele, na mwenyewe alistahili. Mbio ya tatu kaka alikataa. "Tumeonekana," alisema. "Tuiendeshe hadi nyumbani."

Nilikuwa nikidhani kuna kusimama na kuna kwenda, na kwamba shangazi walikuwa sahihi kuhusu upande wangu. Siku hizi wakiniuliza sijitetei. Nawaambia kazi gani naandika wiki hiyo, na ni nani amelipa.

Jumanne yake tulishusha sanduku la gia, kwa kuwa beringi ya klachi ilikuwa inalia. Wateja wawili walikuwa wakingoja nje. Kaka hawezi kulala chini ya gari bado, kwa hivyo nililala mimi, yeye akinielekeza kutoka kwenye kiti. Nilipotoa klachi pleti, nyuma yake kwenye flaiwili kulikuwa na madoa ya buluu, chuma kilichopata moto kupita kiasi.

"Hizo ni zako," alisema. "Jumapili."

Nilisugua kwa kitambaa chenye petroli. Hayakutoka. Tukafunga beringi mpya, tukalirudisha sanduku, na nikatoka chini ya gari kumwita mteja wa kwanza.