Kusomea Hesabu za Mali ya Wengine



Kila mwaka, matokeo ya Mtihani wa Taifa yanapotangazwa, baadhi yenu hunijia baada ya Misa na swali lile lile: "Katekista, nijiandikishe wapi?" Na katika watano au sita wanaouliza, wawili hawakosi ambao tayari wameamua: uhasibu na fedha, au kontabilite kama tunavyosema mitaani hapa Lubumbashi. Nikitaka kujua sababu, huniambia kwamba kila kampuni inamhitaji mhasibu. Kwamba mhasibu hukaa ofisini, si juani. Na, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba anayekaa karibu na sanduku la pesa halali njaa.

Sababu ya kwanza ina ukweli wake. Ya pili haina ubaya. Ni ile ya tatu inayonifanya niandike.

Mimi nilisomea ualimu. Yale ninayoyajua juu ya uhasibu niliyapata kwenye meza ya nyumbani kwangu. Binti yangu alipoingia chuo kusomea fani hiyo, alikuwa akirudi jioni na kunifundisha masomo aliyoyasikia mchana, kwa maana aliamini kwamba mtu hajaelewa jambo mpaka amwelewesha mwingine. Mwalimu hawezi kuipinga hoja hiyo. Basi kwa miaka mitatu nilikuwa mwanafunzi wake, mara nyingi kwa mwanga wa simu, kwa sababu umeme wa mtaa wetu una ratiba yake wenyewe.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba hesabu zenyewe ni nyepesi. Kujumlisha, kutoa, kuzidisha, asilimia: mtoto wa darasa la sita aliyefundishwa vema angeziweza. Wenye hofu ya hisabati wasikimbie kwa sababu hiyo. Kinachowaangusha wengi mwaka wa kwanza ni sharti la kuandika kila tukio mara mbili. Mama muuza unga akinunua magunia kumi kwa pesa taslimu, si kwamba "ametumia pesa" tu. Ghala lake limeongezeka, na sanduku lake limepungua kwa kiasi kile kile. Upande mmoja huitwa debiti, wa pili krediti, na jumla za pande hizo sharti zilingane. Zisipolingana, kuna kitu kimeandikwa vibaya, au kuna kitu kimefichwa.

Utaratibu huo ni wa zamani. Aliyeueleza kwanza katika kitabu kilichopigwa chapa alikuwa mtawa Mfransisko, Luca Pacioli, mwalimu wa hisabati, katika kitabu kikubwa kilichotoka Venezia mwaka 1494. Hakuubuni yeye, aliwakuta wafanyabiashara wa mji huo wakiutumia, akaupanga kama mwalimu anavyopanga somo. Anaeleza pia desturi yao ya kutia alama ya msalaba kwenye daftari la kwanza. Napenda kulikumbuka jambo hilo kila ninapomsikia mtu akisema kwamba daftari la duka na maisha ya Mkristo ni vitu viwili visivyojuana.

Katika nchi yetu daftari hilo lina sheria zake. Kwa muda mrefu tulifuata mpango wa hesabu wa taifa, uliowekwa mwaka 1976. Mwaka 2012 Kongo iliingia katika OHADA, umoja wa nchi 17 za Afrika zenye sheria moja ya biashara, na tukachukua mfumo wao wa uhasibu uitwao SYSCOHADA, ambao toleo lake lililorekebishwa lilianza kutumika tarehe 1 Januari 2018. Kwa hiyo anayejifunza Lubumbashi anaweza kusoma hesabu za kampuni ya Douala au Abidjan bila mkalimani. Akaunti hupangwa kwa madaraja yenye namba: 1 ni mtaji na madeni ya muda mrefu, 2 ni mali za kudumu, 3 ni bidhaa zilizo ghalani, 4 ni wale tunaodaiana nao, 5 ni pesa zilizo benki na sandukuni, 6 ni gharama, 7 ni mapato. Wanafunzi hulalamika kwamba wanakaririshwa namba kama sala za Kilatini. Ni kweli. Lakini katekista hawezi kulaumu kukariri. Nimeona mara nyingi maneno yaliyokaririwa utotoni yakifunguka maana ukubwani.

Sasa nifike pale ambapo nilikaa muda mrefu zaidi na binti yangu, tena tukabishana.

Aliniambia: "Baba, pesa ambazo mwenye duka ameweka ili aanze biashara huandikwa upande wa yale ambayo duka linadaiwa." Nikasema haiwezekani. Mtu atajidai mwenyewe vipi? Akanijibu kwamba duka si mwenye duka. Duka lina mali yake, lina madeni yake, na mmoja wa wanaolidai ni yule aliyelianzisha. Nikakaa kimya, nikaanza kuhesabu rohoni maduka ninayoyajua kwenye barabara ya kwetu ambayo yalifunguliwa kwa shangwe na kufungwa kabla ya mwaka wa tatu. Karibu yote yalikufa namna moja. Msiba umetokea, pesa za chanjo ya matanga zimetoka sandukuni. Mtoto amefukuzwa shule, minervali imetoka sandukuni. Mgeni amefika kutoka kijijini, nauli yake ya kurudi imetoka sandukuni. Kila tendo lilikuwa jema, na mengine yalikuwa matendo ya huruma. Lakini hakuna aliyeandika kwamba pesa hizo zilikuwa za duka, na siku ya kununua bidhaa upya sanduku lilikuwa tupu, na kila mtu akashangaa, wengine wakamtafuta mchawi.

Sisemi tuwanyime ndugu zetu. Mhasibu hasemi hivyo. Anasema: andika. Mwenye duka anaruhusiwa kuchukua, ila achukue kama mtu anayelitoa duka kitu, na daftari lijue. Hapo ataona mwisho wa mwezi ni kiasi gani anaweza kuwasaidia watu bila kuua mti unaowalisha wote. Nadhani hilo ndilo somo kubwa kuliko yote niliyojifunza, nami nilijifunza kwa msichana wa miaka 20.

Somo la pili lilikuwa ndugu wa hilo. Tangu mwaka 2012 tuna kodi ya ongezeko la thamani, TVA, ambayo kiwango chake cha kawaida ni 16%. Mfanyabiashara aliyeandikishwa akiuza kitu cha dola 100, mteja hulipa 116. Zote zinaingia katika sanduku moja. Noti hazina alama. Lakini katika daftari zinatengana: 100 zinaandikwa daraja la 7, mapato, 16 zinaandikwa daraja la 4, deni kwa Serikali. Ziko mikononi mwako, nawe si mwenye nazo. Wangapi kati yetu tumefundishwa kutazama noti iliyo kiganjani na kusema hivyo? Mweka hazina wa kwaya anahitaji somo hilo, na baba wa familia aliyetunziwa pesa na jirani analihitaji vilevile.

Kuhusu uchakavu nitasema kwa kifupi. Pikipiki iliyonunuliwa kwa dola 1,200, ikikadiriwa kufanya kazi miaka 3, hula dola 400 kila mwaka hata kama haijaharibika. Kijana wa teksi ya pikipiki asiyeziweka kando huamini anapata faida, kumbe anakula pikipiki yenyewe, kipande kwa kipande. Upande wa fedha wa masomo hayo, yaani mikopo, riba, thamani ya dola ya leo na ya mwakani, hunipita kidogo. Wale kati yenu walio katika likirimba wataukuta ukiwa karibu nao kuliko wanavyodhani. Anayepokea wa kwanza na anayepokea wa mwisho hawapokei kitu kile kile, hata kama bahasha ni sawa.

Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vyetu viliingia katika mfumo wa LMD: miaka 3 ya leseni, 2 ya masta, 3 ya udaktari. Wazazi wengi bado wanauliza kama leseni ya leo ni ile ya zamani. Siyo: ile ya zamani ilihitaji miaka mitano, gradua kwanza. Elezeni jambo hilo nyumbani mapema, kabla ya harusi ya diploma kupangwa.

Katika mwaka wa mwisho kuna staji, na hapo ndipo yote yaliyosomwa hupimwa. Binti yangu aliifanya katika depo moja ya vifaa vya ujenzi, ambayo sitaitaja. Wiki ya tano, msimamizi wake alimletea hati ya kuingiza mali ghalani: mifuko 60 ya simenti. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni wakati lori linashushwa, naye alihesabu 40. Akaambiwa aandike 60 na kutia sahihi, kwamba ndivyo kazi inavyokwenda, kwamba mwanastaji hajui bado maisha.

Alirudi nyumbani bila kula. Aliniuliza nifanye nini. Nilimwuliza swali moja tu: "Lori lilileta mifuko mingapi?" Akasema 40. Hatukuendelea zaidi.

Kesho yake aliandika 40. Hakupiga kelele, hakumshtaki mtu. Msimamizi aliichukua hati, akaichana, akaandika nyingine kwa mkono wake. Staji ilipokwisha, hakumpa cheti. Bila cheti hakuna ripoti. Bila ripoti hakuna kutetea kazi mbele ya walimu. Akapoteza mwaka mzima, nasi tukapaswa kutafuta ada za mwaka mwingine.

Shemeji yangu, aliyekuwa amelipa nusu ya masomo hayo, alikuja nyumbani akiwa amekasirika, na haki ya kukasirika alikuwa nayo. Akaniambia: "Shemeji, mtoto huyu anatafuta mshahara au utakatifu? Ni karatasi moja tu!" Mama wa mtoto akajibu kabla yangu: "Kaka, karatasi hiyo ingekuwa na jina lake, si la yule bwana." Hapakuwa na maneno mengine siku ile, wala sitasema kwamba yeye alishindwa na sisi tulishinda. Pesa alizotoa zilikuwa jasho lake, na familia yetu ililisikia pengo hilo kwa miezi mingi. Bado namheshimu kwa kuwa alirudi mwaka uliofuata na kuchangia tena, ingawa kidogo zaidi.

Ninawasimulia haya kwa sababu nyinyi mnaosema kwamba aliye karibu na sanduku halali njaa mnapaswa kujua kwamba sahihi ya mhasibu ndiyo bidhaa yake. Mengine yote kompyuta inaweza kuyafanya. Tayari kuna programu zinazojumlisha kuliko mtu yeyote. Kompyuta haikusimama mlangoni wakati lori linashushwa.

Na msidhani kwamba jambo hilo ni la makampuni peke yake. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 537, inataka kila parokia iwe na baraza la uchumi, ambamo waamini humsaidia paroko kusimamia mali. Kanuni ya 1284 inawadai wasimamizi daftari safi za mapato na matumizi, na taarifa kila mwisho wa mwaka. Kanuni ya 1287 inakwenda mbali zaidi: waamini wapewe hesabu ya yale waliyotoa. Katika parokia nyingi watu wa baraza hilo ni wazee wenye moyo mwema na daftari la shule la kurasa 48, franka na dola zikiwa zimechanganywa katika safu moja, bila kiwango cha kubadilisha cha siku ile. Hawahitaji kudharauliwa, wameibeba kazi hiyo miaka ambayo sisi tulikuwa hatupo. Wanahitaji kijana wa mwaka wa pili aketi kando yao Jumapili mchana na kuchora safu ya pili.

Binti yangu alifanya staji nyingine, akatetea kazi yake, akapata leseni. Kampuni kubwa haijamwita. Kwa sasa anawaandikia daftari wafanyabiashara watatu wa soko, kwa ule utaratibu mdogo ambao SYSCOHADA imewawekea wenye biashara ndogo: pesa iliyoingia, pesa iliyotoka, wanaodaiwa, wanaodai, bidhaa zilizobaki. Malipo ni madogo, na mmoja humlipa nusu kwa maharagwe. Huyo huyo alimwuliza juzi kama anaweza kumfundisha mke wake pia kusoma daftari, ili siku yeye asipokuwepo duka lisipotee pamoja naye. Wameanza Jumatatu.