Barua kutoka Marekani: Chapa Iliyo Kitakoni mwa Risasi Kuukuu

Kwa Mtanzania aliyeishi Mbagala mwaka 2009 au Gongo la Mboto mwaka 2011, maghala ya jeshi yalipolipuka na kuua raia, silaha zilizokaa muda mrefu ghalani ni hatari inayopaswa kuondolewa na serikali; ilhali nchini Marekani, ingawa mabomu hudhibitiwa vikali, risasi za bunduki zilizozidi mahitaji ya majeshi ni bidhaa halali inayopangwa mezani katika maonyesho ya bunduki, kushindaniwa mnadani na kurithiwa na familia za wanajeshi wa zamani. Biashara hiyo ina elimu yake, na kiini cha elimu hiyo ni kwamba mnunuzi wa risasi kuukuu hulipia zaidi kile kinachoweza kuthibitishwa juu yake kuliko baruti iliyomo ndani.

Uthibitisho huanzia kitakoni mwa ganda, ambako kiwanda hupiga chapa ya herufi na tarakimu inayoonyesha mtengenezaji na, mara nyingi, mwaka. Herufi LC zikifuatwa na 43 humaanisha kiwanda cha Lake City, kilichoko Independence katika jimbo la Missouri, mwaka 1943. FA ni Frankford Arsenal ya Philadelphia. Na msalaba ulio ndani ya duara huonyesha kuwa risasi imekidhi viwango vya jumuiya ya NATO. Viwanda vya Kisovieti vilitumia namba badala ya majina, kwa hiyo 60 ni Frunze, mji ambao leo ni Bishkek, na 188 ni Novosibirsk. Risasi ya Kiingereza ya .303, ambayo askari wa Keya, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, waliibeba katika vita viwili vya dunia, mara nyingi huwa na tarakimu ya Kirumi VII inayotaja toleo lake, na nyingi kati ya hizo zilijazwa kodaiti, yaani baruti iliyotengenezwa kwa umbo la nyuzi ndefu kama tambi.

Baada ya chapa, mtaalamu huchunguza rangi ya ncha na aina ya madini. Katika risasi za Kimarekani za .30-06, zilizopitishwa mwaka 1906, ncha nyeusi huonyesha risasi ya kutoboa deraya na ncha nyekundu huonyesha ile inayoacha mstari wa moto angani, huku sumaku ikisaidia kutambua chuma kilichofichwa chini ya utando wa shaba. Muhimu zaidi ni kiwashio, kikombe kidogo kilicho katikati ya kitako ambacho hupigwa na pini ya bunduki ili kuwasha baruti. Viwashio vingi vya zamani vilikuwa na kemikali ya klorati ya potasiamu, ambayo ikiungua huacha chumvi inayovuta unyevu na kutia kutu mtutu usiposafishwa kwa maji, na kwa sababu hiyo muuzaji mwaminifu hutangaza mapema kama bidhaa yake ni ya aina hiyo.

Bei hutegemea nani ananunua. Mlengaji shabaha huhesabu gharama ya kila risasi na hutaka shehena yenye asili moja, ndiyo maana kopo la Kisovieti la risasi 440 za 7.62 kwa 54, likiwa bado limezibwa, huthaminiwa kuliko idadi hiyohiyo iliyomwagwa katika ndoo. Mkusanyaji, kwa upande wake, anaweza kulipia risasi moja yenye chapa adimu, na huthamini sana boksi la asili lenye lebo na namba ya toleo; kwake, kung'arisha ganda ni kuliharibu, kwa kuwa kunafuta alama za umri. Wote wawili huogopa unyevu, na pwani ya Tanga inatoa ushahidi wa kale: mwaka 1915, meli ya Kijerumani Rubens iliposhambuliwa katika ghuba ya Manza, risasi zilizoopolewa zilibidi zifunguliwe na baruti yake kuanikwa kabla ya kutumika tena. Ganda lenye ukoga wa kijani au ufa shingoni halifai kupigwa.

Siasa nayo hupandisha bei. Mwaka 2014 serikali ya Marekani ilizuia uingizaji wa risasi ya Kirusi iitwayo 7N6, ikiihesabu kuwa ya kutoboa deraya, na mwaka 2021 vikwazo dhidi ya Urusi vilisimamisha utoaji wa vibali vipya vya kuingiza risasi kutoka huko. Akiba iliyokuwa nchini ikawa haina mbadala wa karibu.

Uuzaji wenyewe una mipaka. Posta ya Marekani haipokei risasi kabisa, hivyo husafirishwa na kampuni binafsi kwa masharti yao; mfanyabiashara mwenye leseni haruhusiwi kumuuzia risasi za bunduki ndefu mtu aliye chini ya miaka 18, wala za bastola aliye chini ya miaka 21; na majimbo huongeza sheria zao, kama California ilivyoanza mwaka 2019 kudai mnunuzi akaguliwe kwanza.

Waafrika Mashariki walioko Marekani wanapaswa kujua kwamba sheria ya shirikisho humkataza aliyeingia kwa viza ya muda, akiwamo mwanafunzi, kumiliki hata risasi moja, isipokuwa katika hali chache kama vile kuwa na leseni halali ya uwindaji. Anayekuta risasi katika nyumba aliyohamia asizibebe wala kuziuza, bali awaite polisi wa eneo lake, na akiona guruneti au kombora asiliguse hata kidogo. Wanaorejea nyumbani kwa likizo wakague mifuko yao kabla ya kufika uwanja wa ndege, kwa sababu sheria za Kenya na Tanzania hazitofautishi ukumbusho na risasi: asiye na kibali ana kosa la kujibu mahakamani.