Mgeni wa Siku 90

Tangu turudi nyumbani, swali ninaloulizwa zaidi na washarika ni hili: "Mchungaji, huko ulibatiza wangapi?" Najibu kama ilivyo. Katika miaka 9 nilibatiza watu 11, na 4 kati yao ni watoto wa wazazi waliokuwa Wakristo tayari. Muulizaji hunyamaza kidogo, kwa adabu, kisha hugeuzia mazungumzo kwenye chakula. Thailand ina watu zaidi ya milioni 65, na Wakristo wa madhehebu yote ukiwajumlisha ni kama mtu mmoja katika kila mia. Sioni aibu kwa hesabu yangu. Ila lipo jambo ambalo sijaulizwa, nalo ndilo lililonikaa moyoni kuliko hesabu: maana ya kuishi miaka mingi katika nchi ya watu, kuipenda, kuwazika wafu wake na kubariki ndoa zake, huku pasipoti yako iko kwenye droo.

Tuliishi kaskazini, nje kidogo ya Chiang Mai. Mji ule ulijengwa mwaka 1296 na Mfalme Mengrai kuwa makao makuu ya ufalme wa Lanna, na watu wake hawajasahau kwamba walikuwa na watawala wao kabla Bangkok haijawameza kabisa. Wana lugha yao, kham mueang. Mimi nilisoma Kithai cha Bangkok darasani kwa mwaka mzima, kisha nikagundua kwamba bibi jirani yetu hasemi hicho. Ni kama Mzungu aliyefundishwa Kiswahili sanifu halafu akapelekwa Lushoto kukaa na bibi asiyejua ila Kisambaa. Tulimwita Mae Ui, ndivyo wanavyowaita bibi zao kule. Kwa muda mrefu alinitazama bila kusema neno. Siku aliponiona nikila wali wao wa kunata kwa mkono, nikiufinyanga tonge na kuchovya kwenye pilipili ya kusaga, alimwambia mke wangu, "Huyu alilelewa na watu." Kwa mtoto aliyekulia ugali, sijapata kusifiwa kwa urahisi namna ile.

Tulielewana naye pia katika mwezi wa Aprili, wakati wa mwaka wao mpya. Vijana huwaendea wazee, hupiga magoti, huwamiminia mikononi maji yenye harufu ya maua, huwaomba radhi na kupokea baraka. Wakristo wa kule hufanya hivyo makanisani mwao, bila mambo ya mizimu. Nilipomweleza Mae Ui kwamba kwetu kijana humwambia mkubwa wake shikamoo, na maana yake ya zamani ni kushika miguu, alicheka akasema basi sisi si watu wa mbali.

Lakini wageni wenzangu walikuwa watu wa namna nyingine. Chiang Mai imejaa wageni: wamisionari, walimu, vijana wanaofanya kazi za Ulaya kwa kompyuta wakiwa mkahawani, na wazee wastaafu wengi sana. Mgeni mwenye miaka 50 na kuendelea anaruhusiwa kukaa kwa kibali cha mwaka mmoja mmoja, mradi awe na baht 800,000 benki au kipato cha baht 65,000 kwa mwezi. Ardhi haruhusiwi kumiliki. Na sote, mstaafu na mchungaji, kila baada ya siku 90 tulipaswa kuiarifu serikali mahali tunapoishi. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kule hawakupi jembe. Wanakupa karatasi ndogo ya kubandika kwenye pasipoti yenye tarehe ya kurudi tena.

Wazee wale wastaafu walinifundisha upweke ambao sikuwahi kuusoma chuoni. Mtu ameishi pale miaka 20, hajui lugha, ugomvi wake na wanawe wa Ulaya haujaisha, na siku anapokufa mwili unakaa hospitalini wiki nzima huku ubalozi ukitafuta ndugu. Niliwazika kadhaa. Mara nyingi waliokuwa wakilia ni mwanamke aliyekuwa akimfulia nguo na mwendesha pikipiki aliyempeleka sokoni. Kuna makaburi ya wageni pale mjini, kwenye ardhi iliyotolewa na Mfalme Chulalongkorn mwaka 1898, na katikati yake imesimama sanamu ya Malkia Victoria. Sijui kwa nini, lakini kila nilipoingia pale nilikuwa nawaza nyumba ya misheni ya kijijini kwetu Usambara, na Wazungu walioizunguka kwa maua ya kwao. Nilipokuwa mtoto tulikuwa tukichungulia kwenye ua ule. Sasa anayechunguliwa ni mimi.

Katika ibada yetu ya Kiingereza, ambayo niliihudumia pamoja na bweni la wanafunzi kutoka milimani, mgogoro mkubwa haukuwa wa mafundisho. Ulikuwa wa moshi.

Kuanzia Februari mpaka Aprili, kaskazini yote huungua. Mji uko bondeni, umezungukwa na milima, na miezi hiyo hewa ya joto hukaa juu ya bonde kama kifuniko cha sufuria. Mlima Doi Suthep, wenye urefu wa zaidi ya mita 1,600, unaoonekana kila mahali mjini pamoja na hekalu lake la dhahabu, hutoweka. Jua huwa jekundu saa 4 asubuhi. Kuna siku za Machi ambapo Chiang Mai hushika nafasi ya kwanza duniani kwa hewa chafu miongoni mwa miji mikubwa, na shule hufunga madirisha, na wenye uwezo hupanda ndege.

Baada ya ibada, kwenye kahawa, wageni walikuwa wanasema, "Watu wa milimani wanatuua." Walisema hivyo mbele ya mzee mmoja Mkarenı aliyekuwa mwinjilisti wa bweni letu, kana kwamba hasikii Kiingereza. Alikuwa anakisikia vizuri. Mimi ni mtoto wa mkulima. Baba yangu alichoma shamba kabla ya masika, na babu yangu pia, kwa hiyo nilimwomba mzee anipandishe milimani nikaone.

Nikaona mambo mawili tofauti yanayoitwa kwa jina moja. Wakareni wa kijiji chake hulima mpunga wa mlimani kwa kuzungusha: kipande kimoja huchomwa kwa siku moja, kikiwa kimezungushiwa njia ya kuzuia moto, kijiji kizima kikilinda, kisha baada ya mavuno kinaachwa kipumzike miaka mingi mpaka msitu urudi. Ng'ambo ya bonde kulikuwa na kitu kingine, mahindi kutoka bondeni mpaka kileleni. Ni mahindi ya chakula cha kuku na nguruwe. Mbegu na mbolea hukopeshwa, deni hulipwa kwa mavuno, na mabua hayana njia nyingine ya kuondolewa kwa sababu hakuna trekta linalopanda mteremko ule. Wapo pia wanaochoma msitu ili kuokota uyoga, na moshi mwingi huvuka mpaka kutoka Myanmar na Laos. Lakini kuku tuliyekula kwenye chakula cha pamoja cha usharika alikuwa amelishwa mahindi yale, na hilo nililisema mimbarini, bila kumtaja mtu. Familia mbili hazikurudi. Mzee mwinjilisti hakunipongeza. Alisema tu kwamba kijijini kwake wanavuta moshi ule ule, tena kwa karibu zaidi.

Hapo ndipo jambo la mlango wa kutokea liliponishika. Mwanangu wa kwanza ana pumu. Mwaka wetu wa tatu daktari alituambia waziwazi: mtoto huyu msimuache hapa mwezi wa Machi. Tangu mwaka ule, kila Februari ilipokaribia mwisho, mke wangu alifunga mizigo akaenda na watoto kusini, pwani, mpaka mvua iliposhuka. Mjukuu wa Mae Ui, rika la mwanangu, alikuwa na kikohozi kile kile. Mama yake alikuwa anafanya kazi Bangkok, baba hajulikani alipo. Tulimwomba bibi tumchukue mtoto pamoja na wetu. Alishukuru, akakataa, mtoto ana shule, na yeye hana mtu mwingine wa kulala naye nyumbani.

Sisemi kwamba tulitenda dhambi kuondoka. Baba hatakiwi kutoa mapafu ya mwanawe ili athibitishe kwamba anawapenda jirani zake, na atakayenihubiria hivyo aanze na mapafu ya wanawe. Lakini tangu hapo nimekuwa mzito kuhubiri juu ya Ruthu. Ruthu alipomfuata Naomi hakuacha tiketi ya kurudi Moabu. Sisi tunaoitwa wamisionari tunapenda kujiona ndani ya maneno yake, na wengi wetu tuna bima ya kusafirishwa kwa ndege tukiugua.

Historia ya kanisa la kule inasema hivyo hivyo, ukiisoma polepole. Daniel McGilvary, Mpresbiteri kutoka Marekani, alifika Chiang Mai na mkewe mwaka 1867. Aligawa kwinini, akachanja watu dhidi ya ndui, akapata waumini wachache. Mwaka 1869 mtawala wa mji aliamuru wawili kati yao, Noi Sunya na Nan Chai, wauawe. Wakauawa. Mmisionari hakuguswa. Uhuru wa dini ulitangazwa kaskazini mwaka 1878, na McGilvary aliishi mpaka 1911, akafia huko huko akiwa mzee aliyeheshimiwa. Namheshimu, kwa kuwa alikaa. Ila chuo kilipewa jina lake, na walioulipia mlango ule kwa shingo zao washarika wengi wa kigeni niliowahudumia hawakuwahi kuwasikia.

Tulichofanya juu ya moshi ni kidogo. Tuliziba madirisha ya ukumbi wa kanisa kwa karatasi ya nailoni, tukanunua mashine 3 za kuchuja hewa, tukatandika mikeka. Usiku walikuja kulala watoto na wazee wa mtaa, Wabudha karibu wote, mwaka wa kwanza 9, mwaka wa mwisho zaidi ya 30. Mae Ui alileta mjukuu wake na godoro lake mwenyewe, kwa kuwa hakuiamini mikeka yetu. Fedha za umeme zilitumwa na wale wale wageni waliokuwa wameondoka. Mwezi Aprili 2023, tulipokuwa tukifunga mizigo ya kurudi moja kwa moja, wakazi na wasomi wa Chiang Mai waliishtaki serikali mahakamani juu ya hewa ile, na Januari 2024 mahakama ikaiagiza itengeneze mpango wa dharura ndani ya siku 90. Siku 90! Nilicheka peke yangu jikoni.

Yupo kijana mmoja Mlahu ambaye siwezi kumwacha nje ya habari hii. Alizaliwa Thailand, kijiji cha karibu na mpaka, wazazi wake wakiwa wamevuka kutoka Myanmar. Alikuja bwenini akiwa na miaka 14. Anapiga gitaa, ana sauti, alikuwa wa kwanza darasani. Hakuwa raia wa nchi yoyote. Kitambulisho chake kilikuwa na namba inayoanza na sifuri, na kutoka nje ya mkoa alihitaji kibali. Hakuwa peke yake: mwaka 2024 baraza la mawaziri la Thailand lilipopitisha njia fupi ya kuwapa hadhi watu wa namna hiyo, waliohesabiwa walikuwa zaidi ya 480,000. Tusiwashangae. Na sisi tuliishi na Warundi waliokuja mwaka 1972, wakazaa na kuzeeka Katumba na Mishamo, mpaka tulipowapa uraia watu 162,000 hivi baada ya miaka zaidi ya 30.

Mwaka 2018 vijana 12 wa mpira na kocha wao waliponaswa kwenye pango la Tham Luang, mkoa wa jirani, bweni lote lilikesha likiomba. Walipookolewa ikajulikana kwamba 3 kati yao pamoja na kocha hawakuwa na uraia, na mwezi Agosti wakapewa. Tulishangilia. Kijana wangu naye alishangilia, kisha akaniuliza kwa utani, "Ajarn, na mimi niingie pango gani?"

Nilimsindikiza ofisi ya wilaya mara 7. Tulimtafuta mkunga wa kijiji aliyemzalisha ili ashuhudie, tukamkuta ni mzee asiyesikia vizuri. Mimi nilipewa kiti na maji ya kunywa. Yeye, mwenyeji, aliambiwa asubiri nje. Wapo wachungaji wenzangu walionishauri niache, kibali changu kisije kikaingia matatani. Kibali changu hakikupata tatizo lolote. Taarifa yangu ya siku 90 ilichukua dakika 10.

Waraka wa Yeremia kwa wahamishwa, sura ya 29, sisi wageni tunaupenda: jengeni nyumba, pandeni bustani, utakieni mji amani. Nimeufundisha mara nyingi. Sasa nikiusoma namwona yeye kwanza, si mimi. Yeye ndiye asiye na pa kurudi, na ndiye aliyepanda miembe nyuma ya bweni.

Wiki iliyopita ameniandikia. Ana miaka 23, bado hajapata, lakini fomu mpya imetoka na anatakiwa kuleta watu wanaomfahamu tangu zamani. Aliuliza kama shahidi aliye Afrika anakubalika, na kama nakumbuka tarehe tuliyoonana mara ya kwanza. Nilitafuta kwenye shajara zangu za kichungaji usiku ule ule nikamjibu: Jumapili, tarehe 14 Juni 2015, baada ya ibada, ulikuwa unapanga viti.